Cherehani ya Kolwezi imepewa kazi isiyo yake

Ukitazama miradi inayokuja Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo, kuwaondoa wanawake na wasichana kwenye mawe ya madini, ni nadra kukuta mmoja usiokuwa na cherehani ndani yake. Mradi waweza kuwa wa shirika la dini, wa kampuni ya madini au wa jimbo, lakini mpango ni ule ule. Msichana anakaa darasani miezi kadhaa, anajifunza kupima, kukata na kushona, anapewa cheti, na akibahatika anakabidhiwa cherehani ya miguu na kuambiwa akafungue kibanda. Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012 wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya, wamewatoa watoto wengi machimboni na kuwarudisha shuleni, na ushonaji ni miongoni mwa ufundi wanaowafundisha wasichana. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyoko nyuma ya miradi ya namna hii kwa ujumla wake: cherehani huhesabiwa kuwa chombo cha kuingiza fedha, na mafanikio hupimwa kwa vibanda vilivyofunguliwa. Kwa familia ya kawaida ya Lualaba, jimbo la Kolwezi, faida ya hakika ya cherehani, au hata ya sindano na uzi mtupu, iko kwenye fedha isiyotoka nyumbani. Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni gauni ambalo mzazi anamshonea binti yake mdogo kwa mikono yake mwenyewe.

Tuanze na soko, maana ndiko mhitimu wa ushonaji anakotumwa. Anakwenda kushindana na mitumba, na anakwenda kushindana na nguo mpya za bei rahisi kutoka China. Mwaka 2008 mwanauchumi Garth Frazer alichapisha utafiti uliokadiria kwamba nguo kuukuu zilizoingizwa Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000 zinaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa nguo barani, na asilimia 50 hivi ya ajira zilizopotea katika kazi hiyo. Mtu anaweza kuzibishia tarakimu hizo, lakini mwelekeo wake unaonekana hata kwetu. Kiwanda cha Filtisaf kule Kalemie, kilichosokota na kufuma pamba ya Kongo tangu zama za Wabelgiji, kimebaki jina. Congotex ya Kinshasa ilifunga milango mwaka 2007. Na serikali zenye nguvu kuliko fundi wa kibandani zimejaribu kuuzuia mkondo huu zikachemka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ilikubaliana mwaka 2016 kuacha kuingiza mitumba ifikapo 2019. Rwanda peke yake ndiyo iliyokaza uzi, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikaifutia nguo zake msamaha wa ushuru. Wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma. Ikiwa nchi nzima inabanwa hivyo, msichana wa miaka 17 aliyepewa cherehani moja na cheti atatoboaje?

Kuna jambo la pili, na kwa mji kama Kolwezi naliona ni zito kuliko mitumba. Mteja wa fundi hapa hula kwa bei ya kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda, na kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo wa tani kwa kila kampuni. Huenda uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa bei ya dunia, wataalamu wabishane. Lakini katika mji ambao mchimbaji, mbeba magunia, muuza chai na mwenye nyumba ya kupangisha wote wanangoja fedha ile ile ya mawe, fedha ikipungua kitu cha kwanza kuahirishwa ni nguo mpya. Unga haungoji na dawa hazingoji, gauni linangoja. Ndiyo maana nasema ushonaji wa kuuza, ambao tunauita njia mbadala ya machimbo, umekalia tawi lile lile la machimbo, na siku likikatika wataanguka wote, mchimbaji na fundi wake. Ushonaji wa nyumbani mwenendo wake ni wa kinyume. Thamani yake inapanda wakati fedha inapokuwa ngumu, kwa kuwa ndio wakati ambao kutonunua gauni kunamaanisha unga wa siku kadhaa.

Sasa tulitazame gauni lenyewe kwa karibu, kwa sababu hoja hii inasimama au kuanguka kwenye sentimita. Kikwembe, yaani kitenge, huuzwa kwa yadi sita, yaani vipande vitatu vya yadi mbilimbili. Mama akishonewa blauzi, akabakisha cha kujifunga na kidogo cha kichwani, fundi mwangalifu huacha yadi moja au zaidi. Yadi moja ni sentimita 91, kwa upana wa sentimita kama 115. Mtoto wa miaka mitano wa kimo cha kawaida, kutoka begani hadi gotini ana sentimita zinazokaribia 60. Ukikata kipande cha sketi chenye urefu wa sentimita 45 kwa upana wote wa kitambaa, unabakiwa na kipande kingine cha urefu kama huo, kinachotosha kifua, mgongo na mikono mifupi. Gauni zima limetoka kwenye baki. Na katika zile sentimita 45 za sketi, nane au tisa zinakwenda kwenye pindo. Hapo ndipo ilipo tofauti na gauni la dukani, ambalo pindo lake ni kidole kimoja kwa sababu mwenye kiwanda analipia kila sentimita ya kitambaa na hana haja mtoto wako alivae mwaka ujao. Mtoto wa umri huo hurefuka sentimita tano hadi saba kwa mwaka, na sehemu tu ya urefu huo ndiyo inayohitajika kwenye gauni, kwa kuwa miguu chini ya goti nayo inachukua fungu lake. Pindo la sentimita nane basi ni akiba ya miaka miwili hivi. Kifua hutanuka polepole zaidi, na marinda kiunoni au lastiki mgongoni yatalimeza ongezeko lake bila kufumua chochote. Mstari hafifu utakaobaki pale pindo la kwanza lilipokuwa unafichwa kwa utepe au kwa ukanda wa kitambaa cha rangi nyingine, na wako watu wanaolipenda gauni zaidi baada ya kuwekewa utepe huo.

Vumbi nalo lina neno lake hapa. Kolwezi ni mji wa vumbi la madini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa mtaa wa Kasulo, watoto hasa, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wenzao wa mtaa usiochimbwa. Mzazi hawezi kulifuta vumbi la mji kwa sindano, na ni dhihaka kumwambia ajaribu. Anachoweza ni kufua nguo ya mtoto mara nyingi, na nguo inayofuliwa na kusuguliwa kila mara huachia mshono kabla kitambaa hakijachakaa. Nguo za bei ya chini kabisa zina mshono mmoja wenye ncha zilizo wazi, zinazochomoka nyuzi kila zinapofuliwa. Anayemshonea mwanawe ana subira ya kushona ubavu mara mbili: kwanza upande wa nje, anapunguza ncha, anaigeuza nguo, anashona tena kwa ndani hadi ncha zote zinafungiwa. Kwa mkono, bila cherehani, mshono wa kurudi nyuma nusu hatua kila unapochoma sindano una nguvu isiyopitwa mbali na ya mashine. Fundi wa sokoni anaijua kazi hiyo barabara, ila hawezi kuifanya kwa bei ya gauni la mtoto.

Pingamizi la kwanza nalisikia tayari: kuna mama gani mwenye yadi ya baki, wakati gauni la mtumba linapatikana kwa bei ndogo kuliko yadi hiyo? Pingamizi hili lina haki yake, na anayeandika juu ya kushona akijifanya mitumba haipo anawaandikia wenye nacho. Lakini mtumba na sindano si maadui. Nguo za watoto ndizo zinazogombewa bandani, na zinazobaki mwisho wa siku ni mashati ya wanaume wanene wa Ulaya na Amerika, ambayo hapa hayana mwili wa kuyavaa. Shati kama hilo lina mzunguko wa kifua unaozidi mita moja na urefu wa kama sentimita 75. Likate mstari mmoja chini ya makwapa, tia lastiki juu, mikono yake igeuze mikanda ya mabegani, na umepata gauni la binti wa miaka sita lenye vifungo vyake mbele na pindo lake chini, vyote vimeshonwa tayari na kiwanda. Asiyejua kushona hulipita shati hilo. Kwa hiyo elimu ya sindano inamfaa hata yule ambaye hatanunua kitambaa kipya maishani, labda yeye kuliko wote, kwani inamfungulia rundo ambalo wengine wameliacha.

Pingamizi la pili ni la muda, na hapa sitaki kupita haraka. Watu wanaosifia kazi za nyumbani wana tabia ya kuzihesabu bure. Saa za mama hazikuokotwa. Mwanamke anayeosha mawe kwenye maji kule Kapata, anayelipwa kwa kazi aliyomaliza siku hiyo, akikaa nyumbani kushona anapoteza chakula cha jioni, na kwake mtumba wa bei ndogo ni uamuzi wa akili timamu. Simwambii aache. Ninachosema ni kwamba kushona kwa mkono ni kazi inayokubali kukatwakatwa kuliko kazi nyingine nyingi: nusu ya ubavu leo, nusu kesho, pindo wakati wa kungoja wateja mezani sokoni, kifungo wakati maharage yanachemka. Haihitaji umeme, na wakazi wa mji unaotoa shaba ya nyaya za dunia wanajua umeme huo unavyokatika. Tena mzigo wa muda unakuwa mkubwa pale tu tunapokwisha kuamua kwamba sindano ni ya mama peke yake. Mchimbaji ambaye mvua imemzuia kushuka shimoni ana mikono miwili. Nenda mji wowote wa Kongo uhesabu mafundi nguo mitaani; wanaume ni wengi, na hakuna anayewacheka. Wanachekwa wakishona bila malipo nyumbani kwao, jambo ambalo sijaona sababu yake.

Hapo tunagusa historia ambayo Katanga ya zamani, ambayo Lualaba ni sehemu yake, inaifahamu. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kutumia vibarua wa kuja na kuondoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mpango: mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, familia ipewe nyumba, hospitali, shule na poso. Pamoja na hayo zikaja nyumba za mafunzo ya kina mama, foyer social, ambako walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyechunguza foyer social ya Usumbura, Bujumbura ya leo, kwa miaka ya 1946 hadi 1960, ameonyesha jinsi masomo hayo yalivyokuwa njia ya kumfinyanga mke wa Mwafrika aliyestaarabika kwa kipimo cha Mbelgiji, hadi wakufunzi wakawa wanazuru nyumba kukagua. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumrudisha msichana wa Kolwezi kwenye gauni la mtoto ni kumrudisha kwenye foyer, anasema jambo lenye mizizi. Mvulana alifundishwa kazi ya mshahara, msichana akafundishwa kumpokea mwenye mshahara mlangoni akiwa amepiga pasi.

Lakini tufuate historia hiyo hadi mwisho wake. Union Minière ikataifishwa tarehe 1 Januari 1967, Gécamines, kampuni ya serikali iliyoshika nafasi yake, ikarithi kambi, shule, hospitali na foyer. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na kufikia 1994 uzalishaji wote ulikuwa umeanguka hadi takriban tani 30,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wengi wao baada ya miezi mingi bila mshahara. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa Shaba, jina la Katanga enzi za Mobutu, walioachwa na baba yao, yaani kampuni, na jinsi ukuu wa baba wa nyumba ulivyoporomoka pamoja na mshahara, huku wake wakishika jembe na biashara ndogondogo. Elimu ya kushona iliyotolewa na kampuni kwa sababu mbaya haikufutika kwa barua ya kufukuzwa kazi. Nyumba ilirudi mikononi mwa kampuni au ikauzwa, poso ikafa, hospitali ikaisha dawa, bali ujuzi wa kukata shingo ya gauni ulibaki kwa aliyenao. Kosa la foyer lilikuwa kwamba somo lilipangwa na mwenye mgodi na lilihusu wanawake peke yao. Dawa ya kosa hilo ni kubadilisha anayepanga na anayefundishwa, kwa kuwaingiza wavulana darasani na kuwauliza wazazi wanataka nguo gani.

Wavulana nimewataja makusudi. Mtafiti wa Kimarekani Jean Lave alikaa na mafundi nguo wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, wote wanaume na vijana wao wanagenzi. Aliona kwamba mwanafunzi haanzi na kukata. Anaanza na kumalizia: kushona kwa mkono, pindo, vifungo, pasi, baadaye anaunganisha vipande vilivyokatwa na bwana wake, kukata kunakuja mwisho, kwa sababu mshono ulioharibika unafumuliwa na kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwenda. Na nguo za kwanza anazokabidhiwa ni kofia, nguo za ndani na nguo za watoto. Gauni la mtoto ni darasa lenye karo ndogo: likiharibika imepotea yadi moja. Katika yadi hiyo mtoto anayesaidia kupima amekutana na nusu, robo, mzunguko, ulinganifu wa kushoto na kulia, mambo ambayo mwalimu mwenye wanafunzi wamerundikana darasani anayaandika ubaoni na kuyafuta. Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwaka 2019, madarasa yetu yanahitaji msaada wa namna hiyo kutoka nyumbani kuliko wakati wowote.

Ubure huo wenyewe haukufika kwenye nguo. Ada imeondoka, sare ya bluu na nyeupe imebaki kwa mzazi. Na sketi ya bluu ya sare, ukiitazama bila woga, ni nguo nyepesi kushona kuliko gauni lolote: mstatili mmoja, marinda, mshipi wa kiunoni na kifungo. Ikiwa kuna nguo moja ambayo kila mtu mzima wa Lualaba angefaa kujua kuishona, ni hiyo.

Wengine watauliza vipi mafundi wa mtaani. Si tutawanyang'anya kitumbua? Sioni hivyo. Fundi haishi kwa magauni ya watoto wa miaka mitano, anaishi kwa harusi, kwa misiba ambayo ukoo mzima unavaa kikwembe kimoja, kwa vikundi vya kwaya, kwa tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ambapo kina mama wa kila ofisi wanataka mshono mmoja siku moja. Gauni la mtoto analipokea Desemba kwa uso wa kulazimisha, linakaa chini ya rundo, na Noeli inafika mtoto hana nguo na anaahidiwa Bonane, yaani mwaka mpya. Mgawanyo ninaouona una faida kwa pande zote ni mama kumlipa fundi akate tu, kwa jicho na mkasi wake, kisha akaunganishe nyumbani. Fundi anapata fedha ya dakika chache bila kushika foleni ya mashine, mama anaepuka hatua ya hatari. Waliokuwa wanafunzi wa miradi wangeweza kuuza huduma hiyo hiyo, na kuuza masomo ya jioni, ambayo mtumba hauwezi kuyashindania bei.

Inabaki aibu. Watoto wanachekana, na gauni la nyumbani lenye bega moja juu na jingine chini linaweza kumharibia binti sikukuu. Kumwambia avumilie kwa kuwa mama ameshona kwa upendo ni kumbebesha mtoto mdogo hoja ya watu wazima. Ila tuangalie kinachochekwa. Kongo si nchi ambayo kikwembe kinachekwa. Mobutu alikilazimisha kwa sheria ya uhalisi miaka ya 1970, sheria ikaisha na kikwembe kikaendelea kuvaliwa kanisani na bungeni bila amri ya mtu. Kinachochekwa ni ushonaji mbaya, na huo hutokana na kufundishwa nusunusu. Kushona vizuri shingo na mabega, sehemu mbili ambazo jicho linaziona kwanza, hakuhitaji diploma ya coupe et couture, yaani ya kukata na kushona. Kunahitaji mtu wa kukuonyesha mara kadhaa na ruhusa ya kufumua.

Je, alipie nani? Fedha ipo, na ipo kisheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inamtaka mwenye leseni ya kuchimba atenge asilimia 0.3 au zaidi ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazomzunguka, na kampuni kubwa za Kolwezi na Fungurume zina vyombo vya kusimamia fungu hilo ambamo wawakilishi wa jamii wanaketi. Wawakilishi hao mara nyingi huomba vitu vinavyopigwa picha: jengo, kisima, gari la wagonjwa, na ni haki yao, vinahitajika. Wanaweza kuongeza ombi dogo. Cherehani mbili tatu za miguu kwa kila shule ya msingi, chini ya ulinzi wa kamati ya wazazi, zinazotumiwa na mtaa siku za Jumamosi. Mwalimu mmoja wa kukata anayelipwa. Mizani, na fedha ya kununua marobota ya mashati yasiyo na soko na kuyagawa kwa uzito kama kitambaa cha kujifunzia. Baba na mama kuandikishwa pamoja. Na kwenye fomu ya kupima mafanikio, ile safu ya vibanda vilivyofunguliwa ifuatwe na nyingine inayouliza ni watoto wangapi wa mtaa huu wamevaa sare iliyoshonwa au kurekebishwa nyumbani, na pindo limeshushwa mara ngapi.

Watoa fedha hawataipenda safu hiyo. Haina mjasiriamali wa kupigwa picha, na akiba ya mama wa Kasulo au Musonoi haionekani kwenye hesabu ya ajira zilizoundwa. Wanaweza kuuliza pia, kwa haki, kama kampuni inayochimba mabilioni haitajificha nyuma ya cherehani tatu. Itajaribu, bila shaka. Ndiyo sababu ombi hili liwekwe baada ya maji na hospitali, lisiwekwe badala yake, na kamati inayolisaini iwe na orodha yote mezani siku hiyo hiyo.